Mguu Unashikia Wapi? Mama Rudisha Anatuaga

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kurudisha miswada ya watu, mhariri msimamizi wa jarida letu la kuvu anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni. Wapo waandishi watakaolala usingizi mnono kuanzia Jumamosi. Sisi tunaobaki ofisini hatujui tutalala vipi, maana sasa wa kurudisha ni sisi.

Jina lake limechapwa kwenye jalada la ndani la kila toleo, kwa herufi ndogo, na hakuna anayelitumia. Waandishi wanamwita Mama Rudisha. Zamani walimwita hivyo kwa kunong'ona, siku hizi wanaliandika hata juu ya bahasha, na bahasha zinafika. Mwenyewe hana neno. Anasema afadhali jina hilo kuliko kuitwa Mama Pitisha, kwa sababu jarida lenye Mama Pitisha halimalizi mwaka.

Alikuja kwetu akitoka kufundisha baiolojia sekondari, akaanza kama msaidizi wa uhariri. Ofisi ilikuwa chumba kimoja mwisho wa korido, kati ya mashine ya kurudufu na choo cha wanaume. Imebaki pale pale, ila siku hizi tuna vyumba viwili na choo kimehamishwa. Kabati la miswada halikufunga vizuri wakati ule, akaubana mlango wake kwa karatasi iliyokunjwa. Karatasi ile imebadilishwa mara nyingi, na kabati mpaka leo halijafunga.

Kwa wageni wetu wa leo ambao kuvu wanaijua kwa kuikuta kwenye mkate tu: kazi yetu ni kupokea makala za watu wanaochunguza uyoga, ukungu, kutu ya majani na jamaa zao wote. Mtu akipata uyoga ambao haujawahi kuandikwa na yeyote, anauandikia mswada: umbo lake, rangi, vipimo, picha, na mahali sampuli iliyokaushwa ilipohifadhiwa ili wengine wakaione. Mswada unakuja kwetu, unasomwa, unapelekwa kwa wahakiki, na ukisalimika unachapishwa. Ukisikia hivyo ni kazi ya nusu saa. Mama Rudisha amefanya kazi hiyo ya nusu saa mpaka nywele zimebadilika rangi.

Ameyaona mengi. Mwandishi mmoja alipiga picha uyoga wake kando ya kiatu chake ili msomaji ajue ukubwa. Mama alimjibu kwa heshima zote, akamshukuru kwa picha safi, akamuuliza kiatu ni namba ngapi. Mwandishi, bila kushtuka, akajibu arobaini na mbili. Ikabidi aandikiwe tena: tafadhali weka rula. Mwingine alituma sampuli mbichi ndani ya mfuko wa plastiki, nayo ikakaa posta wiki nzima. Siku ilipofunguliwa, watu wa ghorofa ya juu waliteremka kuuliza nani amefariki. Ndiyo sababu Mwongozo kwa Waandishi, ambao aliuandika yeye kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, una sentensi moja iliyokolezwa wino kupita zote: kausha kwanza, kisha tia kwenye bahasha ya karatasi. Na kuna ile siku uyoga uliletwa kwa mkono ndani ya hotpoti, ukaachwa mezani bila maelezo. Mama alipoingia, mhasibu wetu alikuwa ameshaomba chumvi.

Barua zake za kurudisha mswada zilikuwa na adabu yake. Zilianza kwa sifa, na sifa zile zilikuwa za kweli, kwa hiyo mtu alifika kwenye kipigo akiwa amekaa vizuri. Moja aliyoandikiwa mtafiti mashuhuri ilianza hivi: "Ndugu Mwandishi, uyoga wako ni mzuri kuliko maelezo yake." Mtafiti yule alicheka, akaandika upya, na tangu siku ile kila mswada wake ameuleta akiwa ameuliza kwanza kama Mama yupo.

Mfumo wa kupokea miswada kwa mtandao ulipoletwa, wengi wetu tulidhani atasusa. Siku ya kwanza alipakia mswada wa mfano, mfumo ukaukataa kwa kukosa ikisiri, ule muhtasari wa mwanzo. Akaweka ikisiri, mfumo ukaukataa kwa kukosa maelezo ya picha. Akaegemea kiti, akasema, "Huyu tutafanya naye kazi."

Lakini kilichompa jina ni jaribio la penseli, na hili lazima nilieleze vizuri kwa sababu ndilo lililotufikisha tulipo leo.

Zamani uliletwa mswada ulioeleza uyoga mpya kwa maneno haya: una umbo la kawaida, ukubwa wa wastani na rangi ya kupendeza. Mama aliusoma, akausoma tena, akatoka nao koridoni, akamkuta dereva wetu anakunywa chai. Akampa karatasi na penseli, akamsomea maelezo yale polepole, akamwambia achore anachokisikia. Dereva akachora mwavuli. Mwavuli kamili, wenye mpini wa kushikia. Uyoga wenyewe, kwa picha iliyokuwa ndani ya bahasha, haukuwa hata na mguu. Ulijibandika kwenye gome la mti kama sikio. Mwavuli wa dereva ulibanwa juu ya mswada ukarudi kwa mwenyewe, ambaye ameutia kwenye fremu na kuutundika ofisini kwake hadi leo.

Tangu hapo ikawa sheria. Maelezo ya kila kuvu mpya husomwa mbele ya mtu ambaye hajawahi kuiona, na mtu huyo huchora. Mchoro ukifanana na picha, mswada unakwenda kwa wahakiki. Usipofanana, mswada unarudi na mchoro wake. Mchoraji hasaidiwi. Mwandishi haandikiwi hata neno moja la mswada wake. Mhariri akijua kinachokosekana, anauliza swali, basi. Na swali la Mama Rudisha, ambalo waandishi wamelipokea mpaka wanaliota, ni hili: mguu unashikia wapi? Mguu wa uyoga unaweza kushika katikati ya kofia, unaweza kushika kando kidogo, unaweza kushika ukingoni kabisa, na wataalamu hawawezi kuutambua uyoga bila kujua hilo. Waandishi husahau kulisema. Wao wameuona, na aliyeona hudhani wote tumeona.

Amechora dereva, amechora mlinzi, amechora tarishi, wamechora wageni waliokuja kuuliza njia. Akachora pia fundi bomba aliyeitwa kuzibua sinki la maabara. Fundi huyo hakuchora kama wengine. Alichora uyoga kwa juu, akauchora kwa ubavuni, akauchora umekatwa katikati, akaweka vipimo, kisha akauliza maji yanaingilia wapi. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Wiki ile fundi alirudi mara mbili kuliangalia sinki. Sinki halikuwa na tatizo tena, tatizo lilikuwa kwa fundi. Harusi yao tuliila wote, na Mzee Fundi amekaa leo kwenye safu ya mbele, amevaa koti, jambo ambalo huwa halifanyiki mpaka mtu aoe au afe.

Ndoa ile ina sharti moja. Mwaka wa kwanza Mama alikausha sampuli kwenye oveni ya nyumbani, na oveni hiyo hiyo ikapokea mkate. Mzee Fundi ni mtu mpole, lakini siku hiyo alitoa hukumu: kuvu iishie getini. Nyumbani hapaletwi uyoga, hapaletwi picha yake, wala haisemwi habari yake mezani. Mama alikubali na sharti ameliheshimu. Kila jioni pikapu ya mabomba imemsubiri hapo nje, na kabla hajapanda amemaliza kusema yote ya kuvu akiwa bado na sisi.

Kati ya mikono iliyopita chini ya penseli yake, mmoja ni wa Mhariri Mkuu wetu wa sasa. Alipoleta mswada wake wa kwanza alikuwa binti anayemalizia shahada. Ulirudi mara nne. Mara ya tatu alipiga simu akilia. Mama akamwambia alie kwanza, hana haraka, kisha wachukue aya moja moja. Walikaa kwenye simu hadi chai ya Mama ikapoa, ikapashwa, ikapoa tena. Mhariri Mkuu husimulia habari hii kila anapokaribisha wafanyakazi wapya, na ile chai haiachi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mama Rudisha, aliyesoma miswada yote hiyo, hajawahi kuchapisha hata makala moja katika jarida hili. Hakuzuiwa na uwezo. Alizuiwa na sheria inayosema kwamba mfanyakazi wa jarida haruhusiwi kuleta mswada wake, asije akapendelewa, na sheria hiyo aliipendekeza yeye, tena mwaka wake wa pili kazini, kwa hotuba. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Wakati huo wote uyoga wake alikuwa nao. Nyuma ya bohari letu, pale tunapotupa maboksi, kuna gogo kuukuu la mti ulioanguka kabla wengi wetu hatujaajiriwa. Kila mvua zikianza, ubavu wa gogo hilo huota uyoga mdogo wa rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa, kofia yake haizidi ukucha wa kidole gumba. Mama aliuona akienda kutupa boksi. Alipeleka sampuli kwa wajuzi mbalimbali na kila mmoja akajibu kwamba haujui. Akapima, akakausha, akapiga picha, rula ikiwa pembeni, mvua baada ya mvua. Alichotaka ni kitu kimoja: kabla hajaondoka, jina lake liwe juu ya makala, si kwenye jalada la ndani. Hakuwahi kulisema kwenye kikao. Alilisema mara moja tu, tumesimama naye pale kwenye gogo, na alilisema akiangalia pembeni.

Mwezi uliopita alianza likizo ya kustaafu, na bodi ikaamua kwamba sasa hafungwi tena na ile sheria. Mswada wake ulifika siku iliyofuata asubuhi. Mimi ninayeandika haya ndiye nitakayekalia kiti chake Jumatatu, kwa hiyo ndio mswada wangu wa kwanza kuupokea. Sijawahi kuona kitu safi namna ile. Majedwali yamenyooka, marejeo yamekamilika, spora, zile chembe za kuzalia, zimepimwa chini ya hadubini na wastani wake umewekwa. Nikachukua penseli na karatasi, nikatoka koridoni kutafuta wa kuchora.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba tumekwisha. Dereva ameuona uyoga ule, anaegesha gari mita chache kutoka kwenye gogo. Mlinzi ameuona. Mhasibu ameuona, na safari hii hakuomba chumvi. Wahudumu, watu wa maktaba, watu wa ghorofa ya juu, hata tarishi: wote Mama amewashika mkono, amewapeleka nyuma ya bohari, amewainamisha. Kwa furaha yake ya miaka yote hiyo, amewaonyesha wote, na jengo zima halikubaki na mtu hata mmoja asiyeufahamu.

Niliripoti kwenye kikao cha bodi. Mhariri Mkuu akasema basi, mara hii moja, jaribio la penseli lisamehewe. Tuichapishe makala, tuipige chapa kwenye karatasi nzuri, tumkabidhi siku ya kuagwa iwe zawadi. Kila aliyekuwepo alikubali kwa kichwa, na mimi wa kwanza. Dereva alikuwa amesimama mlangoni akimsubiri Mhariri Mkuu. Hakuombwa maoni, akayatoa. Alisema, "Mkimpa ya bure, atairudisha." Tukaliacha wazo hilo, kwa sababu tuliiona kabisa barua yake, pamoja na sifa za mwanzo.

Basi nikakumbuka nyumba moja isiyoingia kuvu.

Nilikwenda Jumamosi, Mama akiwa amekwenda kuwaona wajukuu. Mzee Fundi alikuwa uani anafungua koki. Nilipomweleza nilichokifuata alifuta mikono kwenye suruali, akaniuliza, "Mwanangu, nikiikosea hii nitalala wapi?" Kisha akaenda kuleta miwani. Akanisomesha maelezo mara mbili bila kushika penseli, amefumba macho. Mara ya tatu akaanza kuchora. Kofia ilikaa sawa. Mikunjo myembamba ya chini yake ilikaa sawa. Vipimo aliviandika pembeni kama kawaida yake. Kisha penseli ikasimama, akaniangalia juu ya miwani.

"Mwanangu," akasema, "mguu unashikia wapi?"

Nilipekua ukurasa, nikapekua wa pili, nikarudi mwanzo. Mama alikuwa ameandika urefu wa mguu, unene wake, rangi yake, hata vinyweleo vya chini yake. Mahali unaposhikia hakupaandika.

Nitasema wazi nilivyojisikia: nilitaka kulia na nilitaka kucheka. Jibu ninalo. Nimeinama kwenye gogo lile mara ngapi sijui. Neno moja lingetosha, Mzee angelichora, mswada ungepita, na leo tungekuwa tunapiga makofi. Lilikuwa limeshafika kwenye meno. Mzee akaona, akanyanyua mkono wenye penseli. "Usiniambie," akasema. "Ukiniambia atajua, na hatanisamehe mimi wala wewe." Akarekebisha miwani. "Miaka yote nimemsubiri getini kwa ajili ya sentensi za watu. Hii ni ya kwake. Mwacheni aiandike mwenyewe."

Akauchora mguu katikati kwa mstari wa nukta nukta, akaweka alama kubwa ya kuuliza.

Mama Rudisha, najua ulipofika hapa umeshageuza programu hii kutazama ukurasa wa nyuma, kwa sababu wewe husomi kitu bila kwanza kukagua mwisho wake. Huo ndio mchoro. Picha ya uyoga hatukuiweka, na sababu utaiona.

Kwa heshima zote, na kwa utaratibu uliouweka mwenyewe: Ndugu Mwandishi, umefanya kazi nzuri sana. Vipimo vimekamilika, sampuli imehifadhiwa, na rula ipo. Tunaurudisha mswada wako. Inakosekana sentensi moja, na swali lake unalijua. Tumelijadili kama bodi na tumekubaliana kwamba hatungekupa zawadi kubwa kuliko hii, kwa sababu miaka thelathini na mmoja ulikuwa mfanyakazi wetu, na tangu leo wewe ni mwandishi wetu. Mhariri Mkuu ametuma salamu zake. Anasema ulie kwanza, hatuna haraka.

Gogo bado lipo, na mvua za wiki hii zimeliamsha. Mlinzi ameambiwa akufungulie lango saa yoyote. Utakapoleta sentensi yako nitaipokea mimi, kwenye kiti chako, na nitaisoma kama unavyojua nitakavyoisoma, kwa kuwa wewe ndiye uliyenifundisha.

Asante kwa kila uliporudisha. Tuliokuwa wabishi tulijifunza kutazama, na tuliokuwa waoga tulijifunza kujaribu tena. Tunakuombea afya, asubuhi zisizo na kengele, wajukuu wenye maswali mengi, na mapumziko uliyoyatolea jasho. Nenda salama, Mama, na maisha yako yawe mema huko uendako.

Tuna ombi moja la mwisho. Pikapu inakusubiri pale nje kama kawaida, na leo mna mengi ya kuzungumza njiani. Zungumzeni yote, ila mguu unaposhikia usimwambie. Penseli yake bado tunaihitaji.